Ukurasa Uliokwenda Roma

Shamuni alirudi jua likizama, kichwani kapu la majani ya mforosadi ya kulisha viwavi wa hariri, mgongoni mwanawe Butrus wa siku thelathini na moja. Akatua kapu. Akamlaza mtoto kwenye susu. Akainua macho kwenye kibao cha juu yake.

Kitabu hakikuwepo.

"Mama Sarkis! Kitabu kiko wapi?"

Mama mkwe wake alikuwa anachagua dengu, hakuinua hata uso. "Amekichukua yule padri, Abuna Jibrail, asubuhi. Mtunza vitabu wa Roma, mwanangu. Vitabu vyote vya Kisiria vya milimani anavikusanya. Ningemkataliaje?"

"Umempa?"

"Ni mtoto wa hapa hapa, na yeye utotoni alilazwa chini ya kitabu hicho. Amekula dengu zangu sahani mbili, akasifu."

"Angekula na sufuria, kitabu akaacha!"

Maana kitabu kile hakikuwa cha kusomwa. Kila mtoto aliyezaliwa kijijini aliwekewa juu ya susu, kikiwa wazi, siku arobaini, ili Mkabaji asimkaribie, yule mwanamke anayewakaba vichanga. Siku ya arobaini padri wa kijiji huandika jina la mtoto kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya mwenzake aliyemtangulia, limlinde hata ukubwani, na kitabu kinahamia kwa mzazi mwingine. Ndivyo ilivyokuwa tangu babu wa mababu. Halafu anakuja mtu na miwani yake, anakibeba kama kapu la vitunguu!

Sarkis, mumewe, aliingia ananukia moshi wa kiwanda chake cha uhunzi. "Shamuni, ngoja kesho nitaenda mwenyewe..."

Butrus akakohoa. Mara moja tu. Midomo yake ikageuka buluu.

Shamuni hakungoja kesho wala nini. Alimfunga mtoto kifuani, akatoka.

Njia ya kwenda monasteri, alikofikia Jibrail, inashuka bondeni kisha inapanda, na bondeni giza linatangulia. Alitembea huku anasema peke yake, anamtukana Jibrail, anamtukana mama mkwe, anajitukana mwenyewe kwa kwenda kuchuma majani. Ndipo akasikia harufu.

Maziwa yaliyochacha.

Na nyuma yake... hatua. Laini. Za mtu asiyevaa viatu.

"Umechoka, mwanangu," sauti ya kike ikanong'ona. "Nipe nimbebe."

Nywele za yule mwanamke zilikuwa mbichi, zinadondoka maji, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Pasaka. Vidole vyake vilikuwa virefu, vyembamba. Lakini hasira ilikuwa imeshajaa kifuani mwa Shamuni, hofu ikakosa pa kukaa.

"Kambebe baba yako!" akafoka. "Ukimgusa nakung'oa hizo nywele moja moja!"

Yule mwanamke akacheka polepole.

"Haya, baki naye. Huyo ni mmoja tu. Leo mchana nimepewa wengi."

Harufu ikaondoka. Njia ikawa tupu.

Padri Jibrail alikuwa chumba cha wageni, dirishani, anamalizia mwanga wa mwisho. Vitabu vimepangwa sakafuni, kila kimoja kimefungwa uzi na kibandiko cha namba. Shamuni alimkuta akiandika orodha yake, naye hakusalimia.

"Abuna, nirudishie kitabu. Mwanangu anakufa!"

"Binti, keti kwanza upumue..."

"Siketi! Mama yako alikulaza chini yake. Wewe ukapona, ukasoma, ukanenepa, sasa watoto wetu wafe?"

Padri akamtazama. Hakukasirika. Akanyoosha mkono, akakitoa kitabu kwenye lundo kama mtu anayetoa kipande cha mkate.

"Chukua. Kwenye orodha nimekiandika ni dua za kina mama tu. Nilichokitaka nimeshakipata."

Hivyo tu. Shamuni akapiga magoti, akambusu mkono. Akambusu mkono! Hata leo akikumbuka, anafuta mdomo.

Usiku ule Butrus alilala chini ya kitabu akanyonya, akapata rangi. Siku ya arobaini Abuna Mikhail, padri wa kijiji, alikuja na wino, akafungua mwisho aandike jina.

Akafungua tena.

Ukurasa wa majina haukuwepo. Umekatwa kwa wembe, sawasawa, kazi ya mtu anayependa vitabu.

"Kumbe Jibrail alikuwa anasema huu," Abuna Mikhail akanong'ona. "Aliniambia kwa furaha kwamba chini ya majina ya watoto wetu kuna maandishi mengine yaliyokwanguliwa zamani. Injili ya kale, anasema. Aliupakia kwa nyumbu kwenda bandarini Tripoli, siku ile ile aliyokichukua kitabu... mchana."

*Leo mchana nimepewa wengi.*

Habari ya kwanza ililetwa na mabaharia. Padri Jibrail amekufa merikebuni, karibu na Kupro, amelala sitahani juani. Shingoni alama za vidole, virefu, vyembamba. Wakasema pale alipolala palinuka maziwa.

Waliotangulia kuandikwa walikuwa wameshakufa kwa uzee. Kati ya walio hai, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Kisha akafa Rafqa mjane. Kisha mapacha wa Daher, watu wazima wenye wajukuu, siku moja. Wote usingizini, wote kwa zamu ya kuandikwa.

"Barua!" Shamuni alimpigia kelele Abuna Mikhail kila Jumapili, mbele ya watu, mtoto kiunoni. "Waandikie huko Roma warudishe!"

Akaandika. Ikapita baridi, ikapita miezi. Jumatatu wakamzika Hanna wa kinu. Jumanne jibu likafika, na Abuna akalisoma uani kwa Shamuni. "Ukurasa umehifadhiwa pakavu, mbali na nondo. Namba yake thelathini na mbili. Wanazuoni wanawashukuru."

Shamuni akampokonya barua, akaisukumia ndani ya tanuri la mkate.

"Mama Sarkis," akauliza, "baada ya Hanna aliandikwa nani?"

Mama mkwe akageuka kutazama mlango wa chumba cha mwanawe. Alikuwa ameshaanza kulia.

Ndani, Sarkis alikuwa amejinyoosha baada ya chakula, mdomo wazi, anakoroma kama kawaida. Shamuni akasimama mlangoni. Akavuta pumzi.

Maziwa yaliyochacha.

"Ni maziwa ya mgando niliyoweka jana," mama mkwe akasema haraka. "Ni chungu tu hicho."

Shamuni akaenda jikoni kutazama. Chungu kilikuwa kimeoshwa, kimefudikizwa, kikavu.

Akamkabidhi bibi mtoto. Akachukua koleo la chuma la mumewe, akaketi kitandani, mkono mmoja juu ya kifua cha Sarkis, akihesabu pumzi. Nje kulikuwa bado na mwanga.

Akasikia hatua. Laini.

"Njoo," Shamuni akasema. "Leo wa kuchoka ni wewe."

Chini ya kiganja chake, pumzi moja ikachelewa.