Anayebisha Chini ya Kitasa

Kwanza ilionekana alama ya mkono. Ilikuwa kwenye mlango wa mbele, chini ya kitasa, mahali ambapo mtu mzima hafikishi kiganja mpaka apige magoti. Alama ndogo, yenye mafuta, kama ya mtoto aliyetoka kupakwa vazelini akakimbilia nje kabla hajavishwa nguo. Drocella aliiona jioni moja aliporudi kutoka mpakani, Petite Barrière, beseni tupu kichwani. Aliifuta kwa ncha ya kitenge, hakumwambia mtu. Kesho yake jioni ilikuwa imerudi, pale pale, bado inateleza.

Nyumba hiyo haikuwa yao. Ilikuwa ya Habineza, mfanyabiashara wa mbao, nao walikuwa wapangaji wake, chini ya mlima Rubavu, Drocella na mumewe Wellars. Drocella alivusha karoti na vitunguu kwenda Goma kila siku aliyojaliwa, na Wellars alipakia magari kwenye depo moja ya Mbugangari. Walikuwa na mtoto mmoja, Igihozo. Alizaliwa sebuleni humo, juma lile volkano ya ng'ambo ilipopasuka na ardhi ikatetemeka mpaka mtaa mzima ukahamia nje chini ya maturubai. Drocella alikataa kuzalia barabarani mbele ya macho ya watu. Akaingia ndani, kuta zikapata ufa, mtoto akatoka salama, wakamwita Igihozo, maana ndiye aliyewafariji. Na katika masika haya yaliyopita homa ilimchukua katika nyumba ile ile, wakati baba yake bado anatafuta gari la kumpeleka hospitali.

Majirani hawakuacha kumwita Drocella Mama Igihozo. Mtoto hufa, jina la mama yake hubaki linaitwa uani asubuhi na jioni.

Habineza alikuja mchana, akiongozana na mtu wa Kigali aliyevaa viatu vinavyong'aa. Hawakupiga hodi. Waliingia mpaka chumba cha kulala, wakapima kwa hatua, wakagonga kuta kusikiliza kama ni imara, na yule mgeni akafunua pazia la kitanda kana kwamba kitanda nacho kimo kwenye bei. Walipotoka uani, Habineza alimwambia Drocella kwamba nyumba imepata mnunuzi, basi waanze kukusanya vyombo.

Drocella alimkumbusha kwamba mkataba wao unakwisha mwisho wa mwaka, na sahihi yake mwenyewe imo.

"Mama Igihozo, mi nauza nyumba yangu," Habineza alisema kwa upole. "Siuze yako."

"Uza, patron. Nani amekukataza? Lakini nyumba inauzwa na watu ndani, mpaka contrat iishe. Huyu bwana atakuwa bailleur wetu, mwenye nyumba mupya, njo vile tu."

Wako watakaosema huyo mwanamke alikuwa na kiburi. Nami nawauliza: kiburi kiko wapi? Anayenunua mbuzi mwenye mimba hawezi kusimama sokoni akalalamika kwamba mimba imemrukia. Alimwona mbuzi, aliliona tumbo. Na anayenunua nyumba yenye moto jikoni na nguo kwenye kamba amewaona wenye moto na wenye nguo. Abunzi, wale wasuluhishi wa kata, walipofikishiwa shauri hili hawakuhitaji kukuna kichwa. Walimwambia Habineza aheshimu mkataba, na wakapanga siku ya kutoa uamuzi kwa maandishi. Habineza aliitikia bon, bon, akitabasamu.

Lakini Drocella hakuwa anapigania paa. Kuna neno alilolijua yeye tu katika nyumba ile. Kwao, kwa wale waliorudi kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, familia haihami kimya kimya. Siku ya kuondoka, mama husimama kizingitini, huwaita waliofia humo kwa majina, huwaambia *twimutse*, tumehama, kisha hutaja mahali: mtaa fulani, nyumba fulani, mlango unatazama wapi. Asiyeambiwa hubaki. Na huwezi kumwambia mtoto twende wakati wewe mwenyewe hujui mnakwenda wapi. Kwa hiyo Drocella alihitaji muda. Apate nyumba nyingine, aujue mlango wake, ndipo amwite mwanawe. Muda huo ulikuwa haki yake, umeandikwa na kusainiwa. Hakuomba hisani.

Mke wa mnunuzi naye akaja kutazama. Mama mmoja mwenye adabu, aliyekulia Tanzania. Huyo angalau alibisha. Drocella alimwacha azunguke vyumbani, akabaki uani na jirani yake Mukeshimana, wakimenya mihogo. Yule mama alipotoka alikuwa anajikunguta sketi kwa nyuma.

"Mtoto wenu ana mikono ya baridi sana," alisema. "Mpeni sweta."

Kisu kilimponyoka Mukeshimana. "Mutoto gani?"

Yule mama aligeuka kuutazama mlango alikotoka. Sebule ilikuwa tupu, jua limelala sakafuni. Kwenye sketi yake, mahali mtoto anaposhika mama yake ili asiachwe njiani, palikuwa na doa la mafuta.

Jioni moja Wellars alirudi mapema kuliko mkewe. Alikuwa anapuliza makaa, akasikia hodi kwenye mlango wa mbele, hodi ndogo, ya chini. Akafungua: hakuna mtu. Akafunga, nayo ikabisha tena, safari hii si kwenye mlango wa nje bali ule wa chumba cha kulala, kutoka ndani, taratibu, bila hasira, kama mtoto aliyeagizwa asisumbue, na harufu ikaanza kupanda, harufu ya maziwa yaliyofurika yakaunguzwa na makaa, wakati jikoni hapakuwa na maziwa wala hayajanunuliwa tangu msiba, ikapanda pamoja na ile ya vazelini mpaka akaisikia kooni, na mle ndani kitu kikaanza kuburuta miguu kwa kandambili zilizo kubwa kuliko nyayo, chapa, chapa, kikikaribia, kikasimama nyuma ya ule ubao mwembamba, na Wellars, mtu wa kubeba magunia asiyejulikana kwa woga, akasikia pumzi, akaisikia inavyokwama kifuani na kukwamuka, jinsi alivyoisikia usiku ule wa homa, akajikuta amekaa chini uani, mikono juu ya masikio, majivu mdomoni.

Drocella alimkuta pale. Waliongea kwa minong'ono, kama watu wenye mgonjwa aliyelala.

"Unasikia pia?" Wellars aliuliza.

"Nasikia tangu masika."

"Na hauniambie?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mutoto wako iko na baridi?"

"Ile haiko mutoto, Drocella. Ile ni jini. Linavaa sauti yake tu."

"Jini halibishi hodi, Papa Igihozo," Drocella alisema. "Jini linaingia."

 Tangu siku hiyo Wellars alilala na viatu miguuni.

Huku nyuma mnunuzi alikuwa ameweka sharti: hanunui mpaka nyumba isafishwe, maana mkewe alikuwa amemsimulia lile doa. Habineza aliona njia mbili zimekutana. Kile ambacho mkataba umemnyima, hofu ingempa. Akamwita Bushira, mganga kutoka ng'ambo, mzee wa ubani na makombe ambaye watu wa pande zote mbili za mpaka walimheshimu, Waislamu na Wakristo, hawa wa pili kwa siri. Na siku aliyoichagua ilikuwa siku ya soko kubwa Goma, ambayo Drocella asingeikosa; Wellars aliambiwa, akabaki nyumbani.

Bushira alivua viatu mlangoni, akakiona kile kiganja cha mafuta chini ya kitasa. Alichuchumaa akakitazama kwa muda mrefu.

"Mwenye nyumba ni nani?"

Habineza alisogea mbele.

"Na huyu ndani, iko na mutu?" Bushira aliuliza, akiwatazama wote wawili, Habineza na Wellars. "Kama iko na mutu, sifukuze. Wa mutu anaitwa, anapelekwa kwao. Asiye na mutu njo anafukuzwa."

"Hana mutu," Habineza alisema.

Macho ya mzee yalibaki kwa Wellars. Neno moja lilikuwa linangojwa pale, na mwenye nalo alikuwa mmoja. Wellars alitazama viatu vyake. Alikuwa hajalala kwa siku nyingi, alikuwa anaamini ni jini, alitaka tu kimya. Hayo yote ni kweli, na hayamtoi lawamani.

Bushira aliwasha ubani. Alizunguka vyumba akinyunyiza maji ya chumvi, akisoma, na moshi ukajaa mpaka ule ufa wa ukutani ukaonekana kama unapumua. Kisha akasimama katikati ya sebule, akaamuru: kwa jina la mwenye nyumba hii, wewe uliyemo, toka, mlango huu si wako, usiurudie. Mlango wa chumba ukafunguka wenyewe, kidogo tu, upana wa mwili mdogo. Kandambili zikavuka sebule, chapa, chapa, zikapita mbele ya Habineza, zikafika mbele ya Wellars, zikasimama. Suruali yake ikavutwa mara moja kwenye goti.

"Papa, viatu vyangu ni vikubwa."

Kisha zikatoka nje, na mlango ukajifunga.

Bushira alikuwa ameshusha tasbihi. Uso wake ulikuwa na jasho, na sauti ilipotoka ilikuwa ya mtu aliyezeeka palepale. "Huyu alikuwa na mutu," alimwambia Wellars. "Mumenifanyisha dhambi." Wellars aliuliza kama anaweza kumrudisha. Mzee akasema amri iliyotolewa kwa jina la mwenye nyumba haitanguliwi kwenye nyumba ile ile. Akavaa viatu, akaondoka bila kugusa bahasha ya malipo.

Wellars, asiyetaka kulala humo tena hata usiku mmoja, alipakia vyombo juu ya chukudu ya rafiki yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, akavisukuma mpaka chumba kimoja Mbugangari. Drocella aliporudi na beseni lake, aliukuta mlango una kufuli mpya na rangi mbichi, kuanzia juu mpaka chini. Mukeshimana ndiye aliyemsimulia, akiwa amemshika mkono.

Alisimama mbele ya mlango ule akaita. Aliita jina, akasema *twimutse, mwana wanjye*, tumehama mwanangu, akamwita mpaka sauti ikamkauka. Lakini alipofika pa kutaja mahali akanyamaza, kwa sababu hapo aliposimama alikuwa bado hajui mumewe amewahamishia wapi.

Alipompata Wellars usiku huo hakumtukana. Alimuuliza jambo moja tu: wakati mtoto anatoka, nani alimwambia tunakwenda wapi?

Uamuzi wa abunzi ulitoka siku ileile iliyopangwa. Drocella alishinda. Karatasi ilisema mauzo hayavunji upangaji, kwamba hakupewa ilani, kwamba anaruhusiwa kurudi na kukaa mpaka mwisho wa mwaka, na kwamba Habineza alikosea. Watu walimpongeza. Alichukua ufunguo, akaenda peke yake, akakaa sakafuni sebuleni kuanzia alasiri mpaka giza lilipotanda. Alichemsha maziwa, akayaacha yafurike yaungue. Hakuna kilichobisha. Hakuna kilichopumua. Ilikuwa nyumba safi, kimya, kama inavyotakiwa na wanunuzi. Akafunga, akaurudisha ufunguo.

Haki iliyochelewa huitwa haki bado. Ndiyo maana inauma.

Muda si mrefu Mbugangari kukaanza maneno. Kwa mshona nguo mmoja karibu na stendi, hodi ilisikika wakati wa magharibi, chini ya kitasa, na alipofungua hapakuwa na mtu. Kesho yake ilikuwa kwa muuza makaa. Halafu mtaa wa pili, halafu wa tatu, halafu karibu na barabara ya mpaka. Mlango mmoja leo, mwingine kesho, bila kuruka hata mmoja, kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua na hana wa kumuuliza. Watu waliogopa. Walimwaga chumvi vizingitini, wakaita wachungaji, wakapaza sauti kutoka ndani: toka, shetani, hapa si kwako. Na kila walipofukuza, hodi ilisita kidogo, kisha ikaenda kujaribu kwa jirani.

Drocella aliacha kuvuka mpaka jioni. Jua likianza kuzama, alijifunga kitenge, akashika kandambili ndogo, zile za kiasi cha mguu, alizokuwa amemnunulia Igihozo juma la homa, zikabaki bila kuvaliwa. Alitembea njia za Mbugangari, akisikiliza. Lakini kila alipofika alikuta amechelewa. Walimwambia ilikuwa hapa sasa hivi, Mama, tumeifukuza.

Jioni moja alifika kwenye nyumba ambayo wenyewe walikuwa bado wamesimama uani, mwanamke mmoja na mama mkwe wake, taa mikononi, hawathubutu kuukaribia mlango wao. Drocella alipiga magoti mbele ya mlango huo. Alama ilikuwepo, mahali pake. Haikuwa na mafuta tena. Ilikuwa kiganja cha vumbi tupu, vumbi jeusi la njia za lava, na kwenye vidole ngozi ilikuwa imepasuka, kama ya mtoto ambaye siku nyingi hajaogeshwa wala kupakwa na mtu.

Hakuifuta. Aliweka shavu juu yake, ikawa baridi.

"Akirudi," aliwaambia wale wanawake bila kugeuka, "musimufukuze. Mumwambie tu mama yake anakaa nyuma ya depo ya vitunguu, mlango wa kijani. Mumwambie polepole. Iko na miaka ine, anasahau haraka."