Mstari wa Mgeni

Mtunza nyaraka wa kampuni ya lifti aliiuliza akili mnemba swali dogo tu la asubuhi: breki ya lifti ya jengo la ghorofa tisa imeshabadilishwa? Jibu likaja palepale. "Imebadilishwa. Chanzo: ripoti ya mwezi uliopita, mstari wa mwisho." Akakunja uso. Ripoti hiyo aliipiga picha mwenyewe alipokuwa akiiingiza kwenye kompyuta, na mstari wake wa mwisho ulikuwa mtupu.

Ulikuwa mtupu kwa sababu ndiyo desturi ya mafundi wa pale. Kila ripoti huachiwa mstari mmoja bila maandishi, ili fundi atakayefuata aongeze alichokikuta. Wenyewe huuita mstari wa mgeni. Mtunza nyaraka alikuwa amemwonya bosi kwamba ripoti ambazo hazijafungwa na kusainiwa zisiingizwe kwenye mashine hiyo. Bosi, ambaye tangu aajiriwe hajawahi kufungua kabati hata moja, alicheka. "Mama, wewe weka zote tu. Mashine itajua yenyewe." Haya, zikawekwa zote, maelfu ya mistari mitupu inayosubiri mgeni. Mgeni gani, hakuna aliyeuliza.

Akaenda kabatini, akaitoa karatasi yenyewe. Mstari mtupu. Akarudi kutazama nakala kwenye skrini: mstari umejaa mwandiko mwembamba ulioinamia kushoto, na wino unang'aa kana kwamba kalamu imeondoka sasa hivi. Hapo ndipo alipoisikia harufu ya nywele zilizoungua, ikitoka kwenye matundu ya kompyuta.

"Hebu njoo uone," alimnong'oneza fundi wa kompyuta wa meza ya pili.

Fundi akafungua ripoti nyingine, na nyingine. Mwandiko uleule kila mahali.

"Si mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Na si mashine pia, dada. Mashine haina mkono."

"Sasa ni nani?"

Ndani ya kabati, ambalo alikuwa amelifunga kwa ufunguo, mtu akasafisha koo.

Mtunza nyaraka alimfikiria mdogo wake, fundi wa lifti, ndugu pekee aliyebaki naye duniani. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye jengo lile la ghorofa tisa na majibu ya mashine kwenye simu yake. Fundi akiambiwa breki ni mpya, hushuka shimoni na kufanya kazi chini ya lifti bila kuweka vyuma vya kuizuia.

"Futa zote!" alimwambia fundi wa kompyuta, akapiga simu, ikaita ikakatika, akapiga tena huku mwenzake akifuta ripoti moja baada ya nyingine na karatasi zikichakarika kabatini kama kuku waliokurupushwa, na harufu ile ikizidi kukaba koo hadi machozi yakamtoka, na yeye akiomba kimoyomoyo, pokea, mdogo wangu, pokea, hata simu ikapokelewa.

"Dada, mbona unanipigia tena? Si niko na wewe kwenye laini nyingine? Umeniambia nishuke, nimeshuka."

"Huyo si mimi! Toka humo!"

Mdogo wake akaziunganisha laini, na mtunza nyaraka akaisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, yenye upendo. "Usimsikilize, mdogo wangu. Dada yako ni mimi."

Ikamtajia tarehe yake ya kuzaliwa, namba yake ya bima, siku waliyomzika mama yao. Vyote vimo kwenye faili la ajira la dada, hata likizo ya msiba, na faili hilo nalo lilikuwa limeingizwa.

"Jamani," alisema mdogo wake, "aliye dada yangu aniambie kitu ambacho hakijaandikwa popote."

Ile sauti ikasita. Mtunza nyaraka alikuwa nacho kitu hicho. Alikuwa amekificha miaka sita, na alitamani afe nacho.

"Mama hakufia usingizini," alisema. "Alikuwa macho, anakuita. Mimi nilikuwa nimekukasirikia, sikukupigia. Nilimdanganya kwamba uko safarini."

Zikasikika buti zikipanda ngazi ya chuma mbiombio, halafu kishindo kikubwa, na laini zote mbili zikakatika.

Fundi wa kompyuta alimaliza kufuta ripoti zote zisizosainiwa, akaondoa mafaili ya wafanyakazi, akachomoa kila waya uliokuwa ukutani. Kabati likanyamaza. Hewa ikavutika tena.

Adhuhuri mdogo wake aliingia, mzima, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Dada yake alilia kwa furaha, akainuka amkumbatie. Yeye akarudi nyuma hatua moja.

"Mama aliniita mara ngapi?"

Mtunza nyaraka aliangalia sakafu. "Mara moja tu. Kisha akatulia, akalala."

Kompyuta iliyochomolewa nyaya ikajaza alichokiacha kitupu, kwa sauti ya dada.

"Mpaka alfajiri."

Mdogo wake alimtazama usoni, akisubiri akane. Hakuweza kukana.