Fundo la Kiume Mgongoni mwa Mgeni

Jumapili, tarehe 23 Novemba. Ukungu ulikuwa umelalia vilima vya Higashiyama, mvua ya usiku imekatika, na majani mekundu ya miti ya momiji yamegandamana na mawe ya barabara kama karatasi zilizolowa. Ilikuwa baridi ya kuvaa nguo mbili.

Ndani ya duka la kukodisha kimono, Chizuru alikuwa amepiga magoti nyuma ya mgeni, mshipi mpana wa hariri mikononi. Siku ya mapumziko kama hiyo kila anayekuja Kyoto hutaka kuzunguka mahekalu akiwa amevaa kimono, na tangu alfajiri yeye alikuwa akivisha watu tu. Mgeni huyu Chizuru alimjua kwa sura. Aliitwa Reina Kuze, mwalimu wa kuimba kutoka Nagoya, mrembo wa shingo ndefu. Kila mwezi alikuja.

"Leo nifunge vizuri, dada," Reina alisema, akijitazama kwenye kioo. "Napanda riksho ya Kohei."

Mikono ya Chizuru ilisimama. Kohei alikuwa mchumba wake. Harusi yao ilikuwa imepangwa Aprili. Reina hakuwa na namna ya kulijua hilo, maana Chizuru huiacha pete ya uchumba kwenye mkoba anapokuwa kazini. Jiwe lake hukwaruza hariri.

"Wavuta riksho wamejaa mjini hapa," Chizuru alisema polepole. "Huyo ana nini?"

"Ana mdomo. Nacheka njia nzima. Halafu ndiye anayenipeleka kwa Benten. Tunavuka daraja pamoja, tunaomba pamoja."

Chizuru aliuvuta mshipi.

Hekalu la Benten, mungu wa kike, liko kwenye kisiwa kidogo katikati ya bwawa, nyuma ya mtaa wa wafinyanzi. Tangu wachumbiane, Chizuru alikuwa akimwomba Kohei wakasali pale kabla ya harusi. Kila mara Kohei alikuwa na sababu. Mara amechoka, mara daraja linatengenezwa, mara watu ni wengi mno. Kumbe daraja lilikuwa zima, na alikuwepo wa kuvushwa.

Aliuvuta tena. Akafunga fundo la kipepeo, kubwa, la kupendeza, akalikaza.

"Dada, mbona umenibana hivi?"

"Litalegea ukitembea," Chizuru alijibu kwa adabu zote.

Reina alipotoka, Chizuru alichukua simu na kumwandikia Kohei: "Leo unapita wapi?"

Jibu lilikuja upesi: "Kiyomizu, halafu Yasaka. Njia ya kila siku. Umekula?"

Hakujibu. Alisimama dirishani akaiona riksho, kile kigari cha magurudumu mawili, ikipita, Kohei mbele akivuta na koti lake la bluu, Reina juu na blanketi jekundu magotini. Kohei alikuwa anasema kitu. Reina alikuwa amefunika mdomo kwa kicheko. Riksho ilifika njia panda ya kwenda Kiyomizu, ikaipita.

Mwenye duka, Mama Yoshino, alimwona. Alimuuliza kama anaumwa. Chizuru akasema haumwi. Mama Yoshino akamwambia basi aache kukunja kola za watu kama anayekamua nguo.

Reina alirudi baada ya saa sita mchana. Aliingia akiwa mwepesi, mashavu mekundu, akavua viatu na kumgeuzia Chizuru mgongo ili afunguliwe.

Fundo la kipepeo halikuwepo.

Mahali pake palikuwa na fundo dogo, bapa, ncha moja imechomoza pembeni. Hilo ndilo fundo wanalofunga wanaume. Chizuru alilijua vizuri, maana ndilo fundo pekee alilomfundisha Kohei, msimu wa sherehe za kiangazi, wakiwa wawili jikoni kwake. Kohei alilikosea sana siku ile, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa lilikuwa limekaa kiunoni mwa mwanamke mwingine.

"Mshipi umefunguliwa," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza, ilikuwa tulivu.

"Ah, samahani. Nilishindwa kupumua, ikabidi nifunguliwe kule bwawani." Reina alicheka kidogo. "Usikasirike, dada, lakini aliyenifunga mara ya pili ana mikono laini kuliko yako."

Duka lile lina sheria moja: mteja haulizwi alikokwenda wala aliyekuwa naye. Chizuru alimeza swali lake. Alifungua lile fundo polepole, kana kwamba anafungua bahasha ya msiba. Akamvua mgeni kimono, akampa nguo zake, akainama hadi mlango ulipofungwa. Baada ya hapo alitundika, alikunja, aliomba ruhusa kwa Mama Yoshino. Akatoa pete mkobani.

Alimpigia Kohei akiwa tayari barabarani.

"Uko wapi?"

"Kwa Bibi, nakula. Kwani vipi?"

"Usiondoke hapo."

"Chizuru, kuna nini?"

Alikata simu.

Kwenye kona ya mtaa wa wafinyanzi kuna sanamu ndogo ya jiwe ya Jizo, mlinzi wa wasafiri, yenye kitambaa chekundu shingoni. Chizuru hajawahi kupita pale bila kusali. Siku hiyo alisimama, akaunganisha viganja, na maneno hayakuja. Kila alipofumba macho aliliona fundo. Akainamisha kichwa tu, akapita, na hilo lilimuuma kuliko yote. Kwamba mtu anaweza kukunyang'anya hata sala yako.

Bibi yake Kohei, Tokiko, anauza dango kwenye kibanda kando ya daraja la Benten, vile vitonge vya unga wa mchele vinavyochomwa kwenye kijiti na kupakwa mchuzi mtamu. Wavuta riksho wawili walikuwa wameketi kwenye benchi lake. Mtunza hekalu alikuwa anafagia majani. Kohei alikuwa amesimama na kijiti mkononi, na pembeni yake, na sweta lake la kijivu, aliketi Reina.

Chizuru hakusalimia mtu. Aliiweka pete juu ya meza, katikati ya sahani.

"Mpe huyu," alimwambia Kohei. "Umeshamfunga mshipi, mvishe na pete."

Mmoja wa wavuta riksho aliacha kutafuna.

"Mshipi gani?" Kohei alisema.

"Usinifanye mjinga. Uliniambia unakwenda Kiyomizu. Mimi kila nikikuomba unilete hapa, daraja bovu. Akiomba yeye, daraja zima. Nikamvisha kwa mikono yangu, akanirudia na fundo lako mgongoni. Fundo nililokufundisha mimi, Kohei."

Reina alikuwa amesimama, mkono kifuani. "Kumbe ni wewe," alisema kwa sauti ndogo. "Huwa ananisimulia habari za mchumba wake. Hajawahi kuniambia anafanya kazi wapi."

"Sitaki kusimuliwa."

Hapo Bibi Tokiko alifuta mikono kwa kitambaa, akatoka nyuma ya jiko lake.

"Fundo nililifunga mimi," alisema.

Chizuru alimtazama.

"Mimi, mjukuu wangu. Nimemfunga marehemu babu yake Kohei fundo hilo maisha yake yote, na halimchomi mtu aliyeketi kwenye riksho. Huyu binti aliletwa hapa midomo imekuwa ya bluu, kidogo aanguke darajani. Kohei ndiye aliyekuja mbio kuniita, akageuka akatazama bwawa mpaka nilipomaliza. Sasa binti amerudi kunishukuru." Bibi alivuta pumzi. "Nilipofungua nikakuta alama zimeingia mbavuni. Nikajiuliza, huyu aliyemvisha alikuwa anamfunga mgeni, au alikuwa anamfunga mwizi?"

Wale wavuta riksho walitazama viatu vyao. Chizuru aliiangalia mikono yake. Alikuwa ameivuta hariri mara ya kwanza, akaivuta mara ya pili, aliambiwa inabana, akasema italegea. Fundo lile la kipepeo lilikuwa kazi ya wivu wake, na la pili lililetwa na la kwanza.

Alimgeukia Reina akainama hadi paji la uso likakaribia magoti.

"Nimekuumiza. Uliniambia umebanwa, nikapuuza. Nisamehe."

Reina alimwinua kwa mabega. Kisha alieleza kwamba mwaka jana aliugua koo na sauti ikapotea, na Benten ndiye mwenye muziki na sauti za watu. Ndiyo maana anakuja kila mwezi. Kohei anaomba pamoja naye kwa sababu alimwambia sauti mbili zinasikika kuliko moja. "Siku nyingine, dada," alimalizia, "ukikasirika nipige kofi. Linapona upesi."

Bibi alicheka. Chizuru hakuweza.

"Bado," alimwambia Kohei. "Yeye nimemwelewa. Wewe sijakuelewa. Kwa nini ulinidanganya?"

Kohei aliweka kijiti chini. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Wewe umekulia Aomori, hukukulia mtaa huu," alisema. "Hapa kila mtoto anaambiwa. Benten ana wivu. Wapenzi wakivuka lile daraja pamoja, anawaachanisha. Mama na baba walivuka wakiwa wachumba. Nilikuwa sijaanza shule walipoachana. Mgeni naweza kumvusha hata mara mia, si wangu. Wewe ndiye siwezi. Niliona haya kukwambia, mwanamume mzima naogopa hadithi. Kwa hiyo nikasema daraja bovu. Leo nikasema Kiyomizu."

Chizuru alitaka kucheka na kulia, havikutoka vyote viwili. Alikuwa amemwonea wivu mwanamke aliyevushwa, kumbe kutovushwa kwake ndiko kulikuwa kupendwa. Na bado lilikuwa kosa.

Bibi Tokiko alitikisa kichwa. "Baba yako alikuwa anaaga anakwenda Osaka kikazi, yuko Kobe anacheza kamari. Mwaka baada ya mwaka. Usimsingizie mungu wa watu."

Kohei alimtazama bibi yake kama mtu aliyeambiwa jambo ambalo nyumba nzima ilikuwa inalijua.

Chizuru aliichukua pete mezani. Hakuivaa. Aliifumbata.

"Tuvuke," alisema.

"Chizuru."

"Kama atatuachanisha, atuachanishe leo, tungali na akili. Mimi leo nusura nimuue mtu. Sina wivu mdogo kuliko wake. Ngoja tuonane uso kwa uso."

Kohei alitazama daraja. Kisha alifunga vizuri kamba za viatu vyake, kama afanyavyo kabla ya kupanda mlima na riksho, akamnyooshea mkono. Walivuka. Nyuma yao alikuja Bibi, kisha Reina, na wale wavuta riksho wawili wakiwa na vijiti vyao vya dango mkononi. Mtunza hekalu aliegemeza fagio kwenye lango.

Mbele ya kihekalu waliinama mara mbili, wakapiga makofi mawili, wakasali viganja vimeunganishwa. Sala ya Chizuru ilirudi yenyewe.

"Semeni kwa sauti," Bibi alisema kutoka nyuma. "Ombi ni la moyoni. Ahadi ni ya masikioni mwa watu."

Kohei alikohoa. "Mimi, Kohei Onuma, naahidi. Nikiogopa, nitasema naogopa. Na ninakopita, ndiko nitakakokwambia."

Chizuru aliivaa pete. Akainua uso kuielekea ile milango ya mbao iliyofungwa, akasema kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya bwawa:

"Mimi, Chizuru Kudo, naahidi mbele yako na mbele ya hawa wote. Nikiwa na swali nitamuuliza yeye, sitaliuliza kwa mikono yangu kwenye mwili wa mtu mwingine. Wivu nakuachia wewe, Benten. Mimi na huyu tunakwenda kuoana."