Programu Aliyoichagua Mutindi

Kila Alhamisi akitoka shule, Mutindi alivua sare, akawapa mbuzi maji, kisha akaenda kwenye duka la kompyuta la Dada Naila katika soko la Tulia. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia wateja wa viondo barua pepe. Mama yake, Kavindu, pamoja na kikundi chake walisuka viondo vya mkonge, na wateja wao wengi walikuwa Nairobi na ng'ambo.

Wateja walipoongezeka, kuwaandikia mmoja mmoja kulimchosha. Dada Naila akamwonyesha programu mbili za kutuma barua moja kwa watu wengi.

"Hii ya kwanza humuuliza mteja kama anataka barua zako," Naila alieleza. "Tena chini ya kila barua kuna kitufe. Akichoka, anabonyeza, anajitoa mwenyewe. Ya pili unaingiza anwani yoyote. Mtu akitaka kutoka, lazima akuandikie wewe umtoe."

"Nachukua ya pili," Mutindi alisema mara moja.

"Fikiria kwanza. Watu wakikosa njia ya kutoka, wataripoti kwamba barua zako ni taka."

"Aii, Dada Naila! Sasa mimi nimwonyeshe mteja mlango kwa nini?"

Mutindi hakupenda kushindwa, hata kwenye kuruka kamba. Aliingiza anwani zote alizokuwa nazo, hata za watu waliowahi kuuliza bei tu wakanyamaza. Orodha ikawa ndefu, naye akatamba nyumbani jioni nzima.

Haukupita muda, majibu ya kuudhi yakaanza kuja. "Tafadhali nitoe kwenye orodha yako," aliandika mmoja. Mwingine aliandika vivyo hivyo, kwa ukali zaidi. Mutindi alizifuta barua hizo na kuwaacha walioziandika kwenye orodha. Mama alipouliza wateja wanasemaje, alijibu, "Wako sawa, Mama."

Kisha oda zikakatika. Viondo vikarundikana sebuleni hadi ikawa shida kupata pa kukaa.

Jumamosi moja Mutindi alitumwa kwa Nzisa, msukaji hodari kuliko wote kikundini. Alimkuta kwenye kigoda, anafumua kiondo kilichokwisha kusukwa.

"Anti, mbona unakiharibu?"

"Mikono yangu imezeeka, mwanangu. Ningekuwa nasuka vizuri, watu wangenunua. Afadhali niache, nikalime kwa watu."

Mutindi alishikwa na haya, akakumbuka onyo la Dada Naila na barua alizozifuta. Alirudi nyumbani mbio akamweleza Mama kila kitu huku akilia.

Mama hakumgombeza. Alijifunga leso, wakaenda pamoja kwa Naila. Naila akajitumia barua ya kujaribu, nayo ikaangukia kwenye folda ya barua taka.

"Watu wengi wamewaripoti," alisema. "Sasa hata wale wanaopenda viondo vyenu hawazioni barua."

Walihamia programu ya kwanza. Mutindi akaanza kumwandikia kila mtu, mmoja mmoja, akiomba radhi na kuuliza kama angependa kuendelea kupata barua. Wengi hawakujibu. Wengine walikataa, naye akawatoa ingawa roho ilimuuma. Waliokubali walikuwa wachache, lakini hao ndio walioanza kuagiza tena.

"Imebaki kazi moja," Mama alisema, "na hiyo siwezi kukusaidia."

Mutindi alijua ni ipi. Alienda kwa Nzisa, akasimama mbele yake, akasema yote bila kuficha. Nzisa aliitazama mikono yake, akaigeuza.

"Kumbe si mikono yangu?"

"Si mikono yako, Anti. Ni mimi."

Machozi yalimlengalenga Nzisa. Kisha akasema, "Sokoni mtu akikataa kiondo changu, namwambia karibu siku nyingine. Simshiki nguo. Huyo atarudi akitaka, lakini uliyemshika nguo atakukimbia. Na ukikosea, sema mapema. Wewe ulinyamaza, mimi nikajilaumu kwa kosa ambalo si langu."

"Nisamehe, Anti."

"Nimekusamehe. Sasa vuta kigoda ukae. Oda zimekuja, na nyuzi hazijisokoti zenyewe."