Mashine Ziko Wapi?

Sogeeni karibu, watoto. Viatu acheni mlangoni, maana hadithi hii ina matope.

Raya alikuwa na miaka sita. Aliishi na mama yake Uskoti, nchi ya milima na mvua. Mama alifanya kazi ya kutunza wazee.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na msitu. Ndani ya msitu kulikuwa na njia. Njia ya miguu, njia ya baiskeli, njia ya kwenda shule.

Kando ya njia vilisimama vigingi vya njano. Ukiona cha njano, unakwenda. Ukiona cha njano kingine, unakwenda tena. Hupotei.

Raya alikuwa na baiskeli nyekundu. Mama alitembea mbele, Raya akamfuata. Kring-kring! Na matope chini, chwap, chwap.

Siku moja wakakuta mnyororo umekatiza njia. Kwenye mnyororo, kibao chekundu. Mama akasoma: "Njia imefungwa. Mashine zinakata miti. Hatari!"

Na kweli, mashine zilikuwepo. Ngrrrrr! Kraaa! PUUU! Mti mrefu ukalala chini.

Raya akaziba masikio. "Turudi, mwanangu," mama akasema. "Kibao kimesema."

Basi wakaanza kupita barabara kubwa, barabara ya malori. Vuuuuum! Lori la mawe. Vuuuuum! Lori la ng'ombe. Pa kukanyaga ni ukingo mwembamba tu, na chini yake mtaro wa maji meusi.

"Baiskeli huku hapana," mama akasema. Akaitundika bandani, kwenye msumari. Gurudumu likazunguka kidogo. Tik, tik, tik. Likanyamaza.

Majani yakawa mekundu. Majani yakaanguka. Baridi ikaja. Huko, jua la baridi hulala mapema kuliko watoto. Raya akitoka shule, giza linaingia.

Kila siku walipita mbele ya kibao. Kila siku Raya alitega sikio. Hakuna ngrrr. Hakuna kraaa. Hakuna puuu. Ni matone tu. Tip. Tip. Tip.

"Mama, mashine ziko wapi?"

"Kibao kimesema, Raya. Twende, tunachelewa."

Raya akamwuliza Bi Effie, mleta barua. "Bi Effie, mashine ziko wapi?"

"Sijui, kipenzi. Na mimi nazunguka huko huko barabarani, miguu imekwisha. Lakini ndiyo hivyo. Kibao kimesema."

Raya akamwuliza mwalimu. Mwalimu akashusha miwani. "Kibao hakiwekwi bure, Raya. Kibao kimesema."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini mashine ziko wapi?"

"Kaa chini, Raya."

Raya akakaa chini. Lakini moyoni hakukaa. Moyoni alikuwa bado amesimama, mikono kiunoni.

Si haki! Kibao hakina masikio. Raya anayo mawili! Mbona kibao kinasikilizwa, na Raya hasikilizwi?

Jioni moja mvua ilinyesha sana. Mama na Raya walishikana mikono, wakapita ukingoni mmoja mmoja. Nyuma yao taa zikawaka. Vuuuuuuuuum!

"Ruka!" mama akapiga kelele. Akamsukuma Raya kwenye majani. Yeye akaangukia mtaroni. Chubwi!

Lori halikusimama. Taa zake nyekundu zikaenda, zikaenda, zikapotea.

Mama akatoka mtaroni ameloa chapachapa. Goti linatoka damu. Kiatu kimoja hakipo. "Sijaumia sana," akasema. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Raya hakuwahi kumsikia mama akiwa na sauti ndogo hivyo.

Wakatembea polepole, wakafika kwenye kibao. Raya akasimama. Hakulia. Hasira zilikuwa zimejaa, machozi hayakupata pa kupita.

"Mama, mimi sivuki mnyororo. Lakini leo usiniambie twende. Sikiliza."

Mama akasikiliza. Tip. Tip. Tip.

"Unasikia nini?"

"Mvua."

"Na mashine?"

Mama akatega sikio tena.

"Sasa kiangalie kibao."

Mama akawasha tochi ya simu. Kibao kilikuwa kimeota ukoga wa kijani. Buibui alikuwa amejenga nyumba kwenye mnyororo, nyumba kubwa, ya ghorofa. Na matope mbele yake yalikuwa laini kama uji. Hakuna alama ya gurudumu hata moja.

"Mama," Raya akauliza, "mashine ziko wapi?"

Mara hii mama hakusema kibao kimesema. Chini ya kibao kulikuwa na namba ya simu. Mama akapiga, akitetemeka kwa baridi.

"Napiga kuhusu kibao cha njia ya njano," akasema.

Sauti ikajibu: "Kibao gani?"

Asubuhi akaja Bwana Struan, msimamizi wa msitu. Koti la kijani, mabuti makubwa. Akakitazama kibao. Akajikuna shingo.

"Mashine ziliondoka zamani," akasema. "Majani yalikuwa hata hayajaanguka. Tulisahau kukitoa."

"Mlisahau!" Mama akamwonyesha goti. "Mnasahau, na sisi tunakimbizana na malori?"

Bwana Struan akalitazama goti. Kisha akatazama mabuti yake. "Nisamehe sana, mama. Lakini hakuna aliyeuliza."

"MIMI NILIULIZA!"

Kunguru wote wakaruka. Bwana Struan naye aliruka kidogo.

"Aliuliza," mama akasema taratibu. "Aliuliza kila siku."

Bwana Struan akavua kofia. "Basi, bibie, njoo ushike upande ule." Wakashika wote wawili, yeye huku, Raya kule. Wakavuta. Kacha! Kibao kikang'oka.

Raya akakimbia bandani. Mama akaitoa baiskeli kwenye msumari. Kring-kring!

Wakaingia wote watatu. Lakini huko ndani hapakuwa na msitu tena. Visiki huku, visiki kule, vyeupe kama mifupa. Upepo ukapita bila kugusa kitu.

Raya akafunga breki. "Miti yangu iko wapi?"

Bwana Struan akainama penye bomba la plastiki lililosimama ardhini. "Chungulia humu."

Raya akachungulia. Ndani ya bomba kulikuwa na mche, mwembamba kama kidole chake.

"Umevaa bomba ili usiliwe na kulungu," akasema Bwana Struan.

"Utakuwa mrefu lini?"

"Wewe ukiwa mkubwa kama mama yako."

"Ni mbali sana."

"Ni mbali," akasema Bwana Struan. "Sikudanganyi."

Raya akautazama tena ule mche. Kisha akatazama mbele. Kigingi cha njano kilikuwa bado kimesimama. Na mbele yake, cha njano kingine.

Akaenda. Chwap, chwap. Mama akamfuata, anachechemea, anacheka kidogo.

Usiku ule mama alikaa kitandani kwa Raya. Goti lake lilikuwa na plasta.

"Mama, kibao kingine kikisema?"

"Tutakisoma."

"Halafu?"

"Halafu nitakuuliza wewe unasikia nini."

Mbali, barabarani, lori likapita. Vuuum. Dogo kabisa, kama nyuki.

"Lori liko wapi, mama?"

"Liko kule kwake. Na sisi tuko huku."

Mama akasikiliza. Tip. Tip. Tip.

Raya alikuwa ameshalala.