Mkono Ndani ya Maji ya Msumeno

Ijumaa ile maji ya msumeno yalinukia langilangi.

Suwarti aliinama juu ya karai, akanusa tena. Yalikuwa maji yale yale ya kisimani, meupe kama tui kwa unga wa kioo. Akadhani ni manukato ya mdogo wake, akanuna, maana siku hizo kila kitu cha Niken kilimuudhi.

Karakana waliachiwa na baba yao, nje kidogo ya mji wa Kudus. Kwa miaka ishirini Suwarti ndiye aliyekata vioo vya rangi vya madirisha ya misikiti, kwa kalamu ya gurudumu: anachora mstari, anabana, anavunja. Kisha Niken akarudi kutoka Semarang na msumeno wa kukatia vigae, ameuvalisha diski nyembamba kama ukucha. Diski ile haikuwa na meno. Ilisaga kioo taratibu huku ikinyweshwa maji ya karai lililo chini yake, ikatoa vipande vyembamba kama njiti, vimenyooka, ambavyo kwa kalamu vingevunjika mara kumi. Wateja wakawa wanampita Suwarti mlangoni.

"Niken yupo?" Basi. Hata hali hawamjulii.

Niken alijaribu kumfundisha. "Usisukume, dada! Unasukuma kama mkokoteni umekwama matopeni. Diski nyembamba ukiilazimisha inapinda, na mkato unapinda nayo. Iache ikate yenyewe. Ukikaribia mwisho punguza kabisa, ushike pande zote mbili." Halafu akacheka. "Lo, mikono hiyo! Imezoea kuvunja tu."

Alikuwa anatania. Suwarti alilala na utani huo siku tatu.

Adhuhuri ya Ijumaa hiyo, wanaume wakiwa msikitini na Niken ameenda sokoni kununua tempe, vile vipande vya soya, Suwarti aliwasha msumeno. Akaegemeza kioo chekundu kwenye ubao wa kuongozea, akakisogeza. Mkato ukaenda upande kama mlevi.

"Laiti ningekuwa na mkono kama wake," akanong'ona. Kisha uchungu ukamtoa neno jingine: "Na yeye abaki hana."

Mkono ukatoka ndani ya karai. Ulikuwa mrefu, baridi, hauna kucha, na ulitulia juu ya mkono wake kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika. Suwarti alitaka kupiga kelele, lakini kioo kilikuwa kimeanza kwenda, taratibu, na mkato ulikuwa umenyooka kuliko wowote aliowahi kuuona. Hakupiga kelele. Alikata vipande sita.

"Dada!" Niken alisema aliporudi, akivipitishia kidole pembeni. "Hata havijamegeka mahali! Umewezaje?"

"Mazoezi," Suwarti akajibu, na moyo wake ukajaa utamu.

Tangu hapo mikato ya Niken ikaanza kupinda. Alibadilisha diski, akanyoosha ubao, akabandika karatasi ya gundi juu ya kioo kisimegeke. Bado vipande vilitoka vimepinda, vingine vikipasuka mikononi mwake. Suwarti alitazama, akaona raha, akaona aibu, raha ikashinda.

Kisha yule wa majini naye akaanza kuona wivu. Suwarti akicheka na mdogo wake wakinywa chai, kioo kinapasuka rafuni. Wakila sahani moja, harufu ya langilangi inaingia puani mpaka wali unashindwa kupita. Mchana mmoja alipomfunga Niken kidole kilichokatwa, sauti ya maji ikamnong'oneza sikioni: "Wewe ni wangu. Huyu wa nini?"

Siku hiyo hiyo Suwarti alikwenda kwa Nyai Kasanah, mjane aliyefundisha wasichana Kurani na aliyejulikana kwa kutoa majini. Nyai alimnusa mtandio, akarudi nyuma.

"Ulimwambia nini?"

"Nani, Nyai?"

"Usinizungushe, mwanangu. Ulisema neno, akaitika." Suwarti akavuta mtandio usoni. "Basi mimi usiniambie. Mwambie uliyemkusudia, neno kwa neno, msumeno ukizunguka. Ukificha hata kidogo, atabaki na hicho ulichokificha."

Alirudi huku mvua ya alasiri ikipiga mabati. Niken alikuwa ameinama juu ya msumeno na kioo kikubwa cha kijani.

"Niken, nilikuonea wivu," akasema haraka kabla ujasiri haujamtoka. "Niliomba mkono kama wako. Kuna kitu kilinisikia."

Niken alimtazama, kisha akatabasamu kwa huruma. "Ndiyo hilo tu, dada?"

"Ndiyo hilo tu."

Uongo huo ulikuwa haujamaliza kutoka mdomoni pale harufu ya langilangi ilipopanda, nzito kama chumba cha maiti, na mkono mrefu usio na kucha ukainuka kwenye maji, si kumwendea yeye bali kumwendea Niken, ukamshika kifundo cha mkono na kuanza kukivuta pamoja na kioo kuelekea kwenye diski, wala si taratibu, na Niken akipiga kelele na kuvuta nyuma na asiweze, na Suwarti akichomoa waya ukutani na diski ikiendelea kuzunguka vile vile, ikilia, mpaka kioo kikapasuka na kipande kirefu kama kisu kikageuka chenyewe, ncha yake ikaelekea kwenye mshipa wa mkono wa mdogo wake.

"Niliomba ubaki huna!" Suwarti akalia. "Nilisema, 'na yeye abaki hana!' Mkono, Niken! Niliomba uukose mkono! Na ulipokuwa ukikatwa vidole na vioo mimi nilifurahi!"

Diski ikasimama.

Maji yakamwagika kutoka kwenye karai bila kuguswa, yakapita chini ya mlango yakaingia mvuani, na harufu ikayafuata. Kipande cha kijani kikaanguka sakafuni, kikavunjika. Kwenye kifundo cha Niken palibaki alama nne za bluu na mchirizi mdogo wa damu.

Niken alikaa chini. Suwarti alileta kitambaa; Niken akakipokea, akajifunga mwenyewe kwa meno.

"Dirisha linatakiwa Jumatatu," akasema. "Kesho tukate mapema."

Wakalimaliza dirisha. Nyai Kasanah alikuja akasoma, akanusa kila pembe, akasema hakuna kitu tena. Ilikuwa kweli, haikusikika tena harufu wala sauti, na mikato ya Niken ikanyooka kama zamani. Walikula pamoja, na mara nyingine walicheka. Watu wa mtaani wakasema wale ndugu wanapendana.

Ila Niken aliusogeza msumeno akauweka kwenye kona, apate kukata mgongo wake ukiwa ukutani. Na kila dada yake alipoingia karakanani, Niken aliuzima, akaweka mikono mapajani, akangoja atoke.