Namba Chini ya Picha ya Chatu

Jioni ile nilipanda kwenda kuziba ndiva, bwawa letu la huku juu Gonja, ili maji yajae usiku na asubuhi tumwagilie mahindi. Ilikuwa zamu ya kaka yangu Gideoni. Lakini Gideoni alikuwa kitandani tangu Jumapili, simu sikioni, akimwitikia mtu ambaye sisi wengine hatukumsikia.

Sikumwonea huruma. Mtu mzima, ana ndevu, anakuta mtandaoni picha ya chatu amejiviringisha kwenye noti. Chini wameandika: weka jina, kwenu, jina la mama na namba ya simu, utajirike. Naye akaweka vyote, mbele ya macho ya dunia nzima. Mama alimlilia afute. Alicheka, akasema watu wa shamba hatujui mambo. Haya, mjuaji ni huyo, anakojoa kitandani.

Nikaziba tundu kwa udongo na majani ya mgomba. Maji yakanyamaza.

Kisha ikaja harufu... ya nywele zilizoungua.

Ng'ambo ya ndiva alisimama mwanamke wa makamo, kitenge kimefunika miguu. Nikamwamkia, shikamoo mama.

"Gideoni Elinaza," akanong'ona, kama anayesoma. "Gonja. Nyumba ya bati la bluu, chini ya kanisa. Mama yake Koleta."

Neno kwa neno, vile vile alivyoandika yule mpumbavu.

Hasira ilinipa mdomo. "Huyo si mmeshampata? Unatafuta nini tena?"

"Huyo amekwisha."

Huko chini, nyumbani kwetu, mama alipiga yowe.

Mwanamke akaanza kuizunguka ndiva kunijia. Tope lilikuwa bichi. Hakuacha unyayo.

"Mimi sijaandika popote," nikasema. Na ni kweli. Namba yangu sijaiweka hata kwenye kundi la kwaya.

Akatabasamu, akaendelea kusoma.

"Nisipopatikana, mpigieni dada yangu. Priska."

Akaitaja namba yangu yote, taratibu, bila kukosea.

Simu ikatetemeka kiunoni.

Niliteremka mlima sijui kwa njia gani. Gideoni nilimkuta amefunikwa shuka, simu bado imeshikwa mkononi. Daktari alisema ni moyo. Mchungaji naye alisema tusiulize sana, kwa hiyo tukazika, tukala makande, watu wakarudi kwao.

Maandishi yake bado yapo chini ya yule chatu. Wapumbavu wengine wamepanga foleni chini yake, majina, vijiji, mama zao, namba zao, na wanaulizana lini watajibiwa.

Laini yangu niliivunja kwa meno. Simu yenyewe ipo kabatini, haina chaji.

Lakini kila jioni ndiva ikizibwa, maji yakinyamaza... inaita. Sijaipokea.

Jana mama alisema kelele zinamchosha, siku moja ataipokea yeye.